Cleave: kupasua au kuambatana?

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, mwenzangu. Sisi huku hatujambo, ila kazi zimetubana, ndiyo maana jibu limekawia. Swali lako lilinichekesha, maana wengi wanaotafsiri kutoka Kiingereza hujikwaa hapo hapo. Unauliza inakuwaje cleave iwe kupasua katika ukurasa mmoja, halafu ukurasa wa pili iwe kushikamana, na kamusi inatoa maana zote mbili bila hata kuona haya.

Hivyo ni vitenzi viwili, dada. Kiingereza cha kale kilikuwa na clēofan, yaani kupasua, na clifian, yaani kunata. Matamshi yakasogeleana taratibu mpaka vikawa kitu kimoja mdomoni, na maandishi yakafuata. Wajerumani walivitenga: kwao kleben ni kunata, na klieben, ambayo leo imebaki zaidi kwenye lahaja za kusini, ni kupasua. Waholanzi nao wana kleven na klieven. Wapo wanaolipenda sana neno hili kwa kuwa linajipinga lenyewe, na hutafuta humo hekima kubwa kubwa. Mimi naona ni ajali ya matamshi tu.

Ukitaka kuiona ajali hiyo, fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James. Mwanzo 22:3, Abrahamu anachanja kuni za sadaka, na kitenzi kilichoandikwa ni clave, umbo la zamani la cleave katika wakati uliopita. Haya, nenda Ruthu 1:14, pale Orpa anapombusu mkwewe na kuaga, Ruthu yeye akagoma kuondoka: clave tena, herufi kwa herufi. Kuni zinapasuliwa, mkwe anang'ang'aniwa, na umbo ni lile lile. Msomaji wa Kiswahili hana habari kwamba hapo palikuwa na mtego, kwa sababu sisi tuna kuchanja kwa kuni na kuambatana kwa Ruthu, na hakuna wa kuvichanganya.

Sasa utajuaje ni kipi? Tazama kinachofuata. Cleave ya kunata haitembei peke yake, nyuma yake huja to, au unto katika maandishi ya zamani. Ndiyo ile ya Mwanzo 2:24, mwanamume anayeambatana na mkewe. Ndiyo pia ya Zaburi 137, ulimi unaogandamana na kaakaa. Cleave ya kupasua huchukua yambwa, yaani kitu kinachotendewa, moja kwa moja: unapasua gogo, unapasua jiwe; au haina yambwa kabisa, kitu kikipasuka chenyewe. Nyuma yake waweza kukuta in two, lakini to ya kushikamana hutaikuta.

Umbo la wakati uliopita nalo husaidia. Ile ya kunata siku hizi ni cleaved, basi. Ile ya kupasua ina ukoo mzima: cleaved, clove, cleft, cloven. Na usidhani unaweza kuchagua unavyotaka, kila moja imeshaposwa. Kwato zilizogawanyika ni cloven. Kaakaa lililopasuka tangu mtoto kuzaliwa ni cleft, na mdomo sungura vilevile. Maandishi ya sayansi karibu yote hutumia cleaved. Hebu liangalie hilo kaakaa: katika Zaburi ulimi unagandamana nalo, hospitalini lenyewe limepasuka, na Mwingereza pande zote mbili yuko ndani ya cleave.

Hapa kwenye kupasua ndipo ningependa utulie kidogo, kwa sababu katika rasimu yako ya tafsiri umeandika kukata kila mahali. Chukua gogo. Ukilikata kwa msumeno katikati, meno yanapita juu ya nyuzi zote na kuzikata moja moja, na unga unamwagika. Ukilisimamisha na kulipiga shoka kichwani, makali yanaingia kidogo tu, halafu mti unaachana wenyewe kwa kufuata nyuzi zake, na husikii msumeno bali ule mlio mmoja wa kupasuka. Hiyo ya pili ndiyo cleave. Kitu kina njia yake ndani, na wewe unakifungulia tu. Ndiyo maana nguo na nywele hazina cleave, zina cut.

Mawe ndiyo yanayoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Ulanga, yaani mica, una njia moja, hivyo unaachana tabaka kwa tabaka, nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Chumvi ya mawe ina njia tatu zinazokutana kwa pembe mraba, kwa hiyo inatoa vijisanduku. Almasi ina nne. Ile almasi ya Cullinan iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905, karati 3,106, ilipasuliwa Amsterdam mwaka 1908 na Joseph Asscher: kwanza ilichimbwa mfereji mdogo, kisha chuma kikawekwa humo na kupigwa. Hapo ukiandika ilikatwa, mjuzi wa vito atafikiria msumeno. Na jiwe lisilo na njia za namna hiyo halipasuki kwa maana hii, linavunjika ovyo kama kioo. Wanajiolojia huvitenga vitu hivi viwili, nawe vitenge: kupasuka na kuvunjika.

Kwenye biolojia legeza kamba. Kimeng'enya kinapogawa mnyororo wa protini, kukata kunatosha kabisa, na wasomaji wamekuzoea. Cleavage (nomino ya cleave) ya yai lililorutubishwa, pale seli zinapozidi kuongezeka bila yai lenyewe kukua, iite mgawanyiko. Kwenye siasa ni mipasuko ya kijamii. (Na cleavage ya kifua cha mwanamke ni neno hilo hilo, usije ukaliweka kwenye kitabu cha jiografia ukachekwa.)

Clove nayo uichunge. Inaweza kuwa kitenzi chetu katika wakati uliopita. Inaweza kuwa punje ya kitunguu saumu, na hiyo ni ndugu wa damu, imetokana na kupasuka. Karafuu, ingawa imeandikwa vilevile, si wa ukoo huo: imepitia Kifaransa, kwenye neno la msumari, na ukitazama umbo lake huna haja ya kuuliza kwa nini.

Sasa ile sentensi yako ya ulanga iliyokukosesha usingizi, yenye cleave mara mbili: "Mica cleaves easily, and its flakes cleave to the finger." Ya kwanza haina kitu nyuma yake ila neno la urahisi, ya pili ina to na kidole. Mimi ningeandika: "Ulanga hupasuka kwa urahisi, na vigamba vyake hunata kidoleni." Ambatana usiitumie hapo, iache kwa wanandoa na Ruthu. Ukurasa wa 2 na wa 5 badilisha kukata kuwe kupasua, lakini ule wa vimeng'enya usiuguse.

Nitumie sura inayofuata ukishaimaliza, hata kama haijanyooka. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Hamida