Paris ya Amélie imewaacha nje majirani

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa filamu uliisifu Amélie, ile filamu ya mapenzi ya Jean-Pierre Jeunet ya mwaka 2001, kwamba ukiitazama umeiona Paris yenyewe. Kuhusu mapenzi sina ubishi. Nimeitazama mara nyingi na bado nampenda yule binti wa mkahawani, aliyeigizwa na Audrey Tautou, anayewatendea watu wema kwa siri. Lakini kwamba Paris ndiyo hiyo, hapana.

Mkahawa anaofanyia kazi Amélie upo kweli, Mtaa wa Lepic, Montmartre, katika wilaya ya 18. Shuka kilima kuelekea mashariki, dakika ishirini hivi kwa miguu, utafika Barbès, Château Rouge na Goutte d'Or. Wilaya bado ni ile ile. Huko utawakuta Wamali, Wasenegali, Waaljeria na ndugu zetu Wakongo, na sokoni kuna mihogo, ndizi za kupika na samaki wa kila aina. Kwenye filamu, watu hawa ni kama hawajawahi kukanyaga Paris.

Najua jibu litakalokuja: ile ni ngano, na ngano haidaiwi sensa. Ningelikubali, kama Jeunet mwenyewe asingeifunga ngano yake kwenye kalenda. Ni Agosti 1997. Habari ya kifo cha Diana kwenye televisheni ndiyo inayomshtua Amélie, kifuniko cha chupa kikamponyoka, akagundua kiboksi kilichofichwa ukutani. Hadithi nzima inaanzia hapo. Basi mwaka mmoja tu kabla yake, tarehe 23 Agosti 1996, polisi walivunja kwa shoka mlango wa Kanisa la Mtakatifu Bernard, Goutte d'Or, wakawatoa Waafrika wapatao 300 waliokuwa wamejihifadhi humo wakidai vibali vya kuishi. Ufaransa nzima iliona. Kifo cha binti mfalme wa Uingereza kimepata nafasi katika ngano hii. Kilio cha majirani wa chini ya kilima hakikupata.

Mkosoaji Serge Kaganski aliyasema haya mapema, mwaka ule ule wa 2001, katika gazeti la Libération, akazua mabishano makali. Watetezi wa filamu walimtaja Jamel Debbouze, mwigizaji mwenye asili ya Morocco. Naam, yumo, na anaigiza vizuri mno. Lakini tazameni amepewa nini. Anaitwa Lucien, ni msaidizi katika duka la mboga, na bosi wake Collignon anamdhalilisha mbele ya wateja. Paris yote inajua kwamba duka la kona linalokesha wazi mara nyingi mwenyewe ni mtu wa Maghreb, yaani Afrika Kaskazini. Hapa mwenye asili ya Maghreb ndiye mtumwa wa duka. Amélie anamlipizia kisasi kwa Collignon, nasi tunafurahi. Ila kwao Lucien hatupaonyeshwi, wala mama yake, wala mtu anayempenda. Katika filamu inayomtafutia karibu kila mtu wa kupendana naye, hili linaniuma kuliko yote.

Na ufundi ulikuwepo. Mitaa ilisafishwa michoro ya ukutani, magari yakaondolewa, rangi za picha zikabadilishwa kwa kompyuta. Aliyeweza kuchagua hata wekundu wa ukuta aliweza kuchagua nani apite barabarani.

Nino, mpenzi wa Amélie, ameigizwa na Mathieu Kassovitz. Ni huyo huyo aliyeongoza La Haine mwaka 1995, filamu ya vijana watatu wa pembezoni mwa Paris: Myahudi, Mwarabu na Mweusi. Naomba wiki ijayo ukurasa wenu uiandike hiyo, kwa nafasi ile ile mliyoipa Amélie.

Msomaji wenu,
Tanga