Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Watoto wa usonji na swali la malaria

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba kuanza na watoto watatu nisiowajua hata majina. Habari zao zilichapishwa mwaka 2006 katika ripoti ya kitaalamu kuhusu wagonjwa 20 wa hapa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya kitafiti vya usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na namna mtoto anavyohusiana na wenzake. Hawa watatu walikuwa wanakua vizuri tu: mmoja hadi miezi 22, wa pili 35, wa tatu 42. Kisha wakashikwa na malaria kali, homa isiyoshuka na degedege, mmoja akazimia muda mrefu. Wakapona. Baada ya kupona ndipo usonji ulipojitokeza.

Je, malaria ndiyo iliyoleta hali hiyo, au vilikutana tu njiani? Waandishi wa ripoti ile walijihadhari, na walifanya vyema, maana watoto watatu si ushahidi. Ila swali lenyewe ni la kwetu. Nchi nyingi zenye maabara kubwa za picha za ubongo hazina malaria, kwa hiyo hazina sababu ya kulikosea usingizi.

Naandika nikiwa mmoja wa Watanzania wanaofanya kazi katika maabara hizo. Nina shahada ya uzamivu, na kwa sasa niko ughaibuni kwenye utafiti wa baada ya uzamivu, nachambua picha za ubongo za watoto wenye usonji, zinazopigwa kwa MRI, mashine ya sumaku kubwa. Hazina ya picha ambayo wengi wetu tunaitegemea inaitwa ABIDE. Ilipofunguliwa mwaka 2012 ilikuwa na picha za watu 1,112, kati yao 539 wakiwa na usonji, kutoka vituo 17 vya Marekani na Ulaya. Afrika hakuna kituo hata kimoja. Nikitafuta humo mtoto aliyepona malaria ya ubongo, nitatafuta hadi kiama.

Tusiseme haiwezekani, maana jirani zetu wameshafanya. Mwaka 2015 timu ya Dk. Terrie Taylor ya Blantyre, Malawi, ilichapisha matokeo ya picha za MRI za watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu walipolazwa. Madaktari walikuwa wamebishana miaka na miaka juu ya kinachowaua watoto hawa, na mashine yenye sumaku ya nguvu ya Tesla 0.35, dhaifu kwa vipimo vya leo, ndiyo iliyowaonyesha pa kutazama. Lakini katika picha zilezile, zaidi kidogo ya robo ya watoto waliopona nao walikuwa na uvimbe wa kiwango hicho. Mimi nauliza habari za hao waliopona. Wanaongea? Wanacheza na wenzao? Ubongo wao umekuaje tangu pale?

Sitaki nikuuzie mbuzi kwenye gunia, Mheshimiwa. MRI haipimi usonji. Mtoto hutambuliwa na mtaalamu anayemtazama akicheza, akiitwa jina, akiongea au asipoongea, na anayemsikiliza mzazi. Wapo wazazi waliouza kiwanja kulipia vipimo vya kichwa, wakarudishiwa karatasi iliyoandikwa kwamba kila kitu ni kawaida. Ninachoomba ni utafiti, si kipimo kipya cha kuwatoza watu hela.

Na utafiti huu unataka mtu, kuliko hata mashine. Mtoto wa miaka mitano akijitikisa chini ya nusu milimita, tayari picha ya mawasiliano ya sehemu za ubongo wake imeharibika, tena inaharibika kwa namna ambayo mtafiti anaweza kudhani amegundua jambo. Kwa hiyo kazi huanza kabla ya mashine. Mtoto analazwa kwenye mashine ya mfano, bomba tupu lenye kitanda, anasikilizishwa ile milio ya kugonga, anacheza mchezo wa kuganda kama sanamu, siku ya kwanza dakika moja, siku nyingine tatu. Fundi wa Keko anaweza kuliunda bomba hilo kwa plaiwudi. Lakini ni nani atakayekaa sakafuni na mtoto asiyependa kuguswa, kisha amweleze bibi yake, kwa Kiswahili cha nyumbani, kwamba mle ndani hakuna mumiani anayefyonza damu? (Bibi ana haki ya kuuliza.)

Hapo ndipo ninapofika mlangoni kwako. Nilipomaliza uzamivu nilirudi nyumbani kwanza. Chuo nilichokwenda kilinipokea vizuri, kikanipa madarasa makubwa, kamati, na marundo ya mitihani ya kusahihisha. Nilipouliza habari ya utafiti nikajibiwa, "Utafanya wikiendi, daktari." Sikuonewa; ndivyo muundo ulivyo. Kwetu ukimaliza uzamivu unakuwa mhadhiri, basi. Ile miaka miwili mitatu ya kufanya utafiti tu, chini ya mtu anayekukosoa, haina ngazi, haina mshahara, haina hata jina kwenye fomu. Anayeitaka anapanda ndege.

Mheshimiwa, COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, iko chini yako, na MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, uko chini ya COSTECH. Naomba nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu ziingizwe humo, za miaka mitatu, zenye mshahara unaolingana na wa mhadhiri, na chache kati yake zitengwe kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto: usonji, kifafa, waliochelewa kulia walipozaliwa, waliopona malaria kali. Ukiongea na mwenzako wa Afya, hospitali za rufaa zenye MRI zinaweza kutoa saa za usiku. Kwa mikoa isiyo nayo, siku hizi zipo mashine ndogo za Tesla 0.064 zinazosukumwa kwa magurudumu na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Hazionyeshi ubongo ukifanya kazi, lakini umbo na ukubwa wake zinaonyesha. Na picha za watoto wetu, hata zikichambuliwa Boston au London, nakala yake ya kwanza ihifadhiwe hapa.

Wahitimu wa uzamivu wa kuzijaza nafasi hizo wapo. Mimi nitaomba siku tangazo litakapotoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtafiti wa Kitanzania, ughaibuni