Aliyempa Luteni Hobson njia naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu makala mliyoichapa karibuni juu ya Luteni William Robert Hobson wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeipata mwaka 1859, huko kaskazini ya mbali ya Kanada, barua iliyoeleza yaliyoupata msafara wa Sir John Franklin, aliyekwenda kutafuta njia ya bahari kupitia kaskazini hiyo. Makala ilikuwa nzuri, na sifa alizomiminiwa ofisa huyo anazistahili. Ninacholalamikia ni kwamba mwandishi amemsimamisha Hobson peke yake katika theluji tupu, kana kwamba nchi ile haikuwa na wenyewe.

Franklin aliondoka Uingereza Mei 1845 na meli mbili, Erebus na Terror, na kati ya watu 129 waliokwama naye barafuni hakurudi hata mmoja. Ilipofika mwaka 1854, mpelelezi Dkt. John Rae alipeleka London habari alizopewa na Wainuiti, wenyeji wa huko: kwamba wazungu wengi walikufa kwa njaa wakielekea kusini kwa miguu, na kwamba baadhi yao mwishowe walikula maiti za wenzao. London ilichukia. Hata mwandishi maarufu Charles Dickens alishika kalamu kuwashambulia wenyeji hao, akidai kuwa maneno yao hayafai kuaminiwa. Mifupa ilipochunguzwa kitaalamu, zaidi ya miaka mia moja baadaye, ilikutwa na alama za visu.

Meli ya Fox, aliyoinunua mjane wa Franklin na kumkabidhi Kapteni Francis Leopold McClintock, Hobson akiwa msaidizi wake, iling'oa nanga Julai 1857 kwenda kuwatafuta watu wa Franklin, mwaka ule ule ambao wapelelezi Burton na Speke waliingia hapa Tabora, wakati huo Kazeh, wakiwa na mkalimani Sidi Mubarak Bombay. Barafu iliinasa mapema na kuiburuta kwa takriban miezi minane. Lakini jambo ambalo makala yenu imeliruka ni la Machi 1859, McClintock alipokutana na Wainuiti wachache na kuona kwenye vazi la mmoja wao kifungo cha sare ya jeshi la majini. Aliuliza kimetoka wapi. Akaambiwa kimetoka kwa wazungu waliokufa njaa. Kesho yake kijiji kizima kilifika na vijiko na uma za fedha, ambavyo yeye alivinunua kwa sindano na visu, na mmoja wao akaeleza kuwa meli moja ilipondwa na barafu magharibi mwa kisiwa cha King William. Mwezi uliofuata wakasikia kwamba meli ya pili ilisukumwa hadi ufukweni. Ni baada ya hayo ndipo Hobson alipotumwa kuupekua ufuko wa magharibi wa kisiwa hicho.

Huko, Mei 1859, alifukua rundo la mawe akakuta mkebe wa bati wenye karatasi. Pembezoni mwake palikuwa na maneno yaliyoongezwa Aprili 1848: Franklin amekufa tangu tarehe 11 Juni 1847, meli zimeachwa, na watu 105 waliobaki wataondoka kesho kuelekea mto Back. Karatasi yenyewe ilikuwa fomu ya serikali yenye maelekezo, katika lugha sita za Ulaya, kwa yeyote atakayeiokota. Lugha ya watu waliokuwa wakiishi hapo haikuwamo! Hobson alikuwa ameshikwa na kiseyeye. Safari ya kurudi melini alifungwa juu ya sleji, chombo cha kuburutwa thelujini, akivutwa na wenzake, na alipofika mwezi Juni hakuweza kusimama bila kushikwa. Huo ni ujasiri, na sibishani nao.

Sisi wa Tabora tuna sababu ya kuliona hili upesi. Ofisa mwingine wa jeshi hilo hilo, Verney Lovett Cameron, alitumwa kumtafuta mpelelezi Livingstone, na Oktoba 1873 alikuwa hapa hapa Unyanyembe walipofika Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, wakiwa wamebeba mwili wa aliyetafutwa. Cameron alishauri azikwe huku. Wao walikataa, wakaendelea na safari hadi pwani. Leo hatuwezi kuisimulia safari hiyo kwa kumtaja ofisa peke yake, na sioni kwa nini ya Aktiki isimuliwe hivyo.

Erebus ilipatikana chini ya bahari mwaka 2014, katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuiti yalikuwa yakilitaja tangu zamani. Terror ilipatikana mwaka 2016, baada ya Sammy Kogvik, Mwinuiti wa Gjoa Haven, kuwaeleza watafutaji mahali alipowahi kuona mlingoti umechomoza barafuni. Kama mtaitoa makala hiyo tena, naomba jina lake liwemo, pamoja na la mkalimani Carl Petersen na ya Anton Christian na Samuel Emanuel, vijana wa Greenland waliokuwa wakiendesha mbwa wa msafara wa Fox.

Msomaji wenu,
Kwihara, Tabora