Bolti za Land Rover za zamani zisilazimishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wamiliki na mafundi wa pikapu za zamani za Land Rover, hasa zile ndefu za 109 (inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), kuhusu jambo ambalo gereji nyingi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni bolti na nati. Tangu wenye magari haya walipokusanyika kwa wingi jijini Arusha mwezi Oktoba 2024, naona hamu ya kuyafufua imepanda, na magari yaliyolala miaka mingi uani yameanza kununuliwa tena.

Tatizo ni kwamba mengi huuzwa yakiwa yamefunguliwa. Mnunuzi hupewa chesisi, bodi na injini kila kimoja peke yake, pamoja na kopo la bolti zilizochanganyika ambazo nyingine zimekwisha potea. Yeye huhangaikia injini na rangi kwanza, na bolti humwachia fundi atafute zozote zitakazoingia. Hapo ndipo gari linapoharibiwa upya.

Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948 ikiwa na bolti za nyuzi (ile mistari inayozunguka bolti) za kale za Kiingereza, zenye pembe ya digrii 55. Mwaka huohuo Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia mfumo mmoja wa nyuzi za inchi zenye pembe ya digrii 60, na toleo la pili la gari hili, Series II, lilipoanza kutengenezwa mwaka 1958, sehemu kubwa ya gari ilikuwa imehamia mfumo huo, ingawa baadhi ya bolti, hasa za gia boksi, zilibaki za zamani. Kwa hiyo pikapu moja inaweza kuwa na mifumo miwili ya nyuzi, wakati bolti zilizojaa katika gereji zetu ni za milimita, za Toyota na Isuzu.

Bolti ya inchi 5/16, ambayo imetumika mahali pengi katika gari hili, ina unene wa milimita 7.94, na fundi akiishika pamoja na ya milimita 8 hataona tofauti kwa macho. Lakini ile ya inchi, ikiwa ya nyuzi nyembamba za mfumo wa digrii 60, ina nyuzi 24 katika kila inchi moja, na ya milimita 8 ya kawaida ina takriban 20. Ya milimita ikitiwa katika tundu la inchi itaingia mizunguko michache, kisha itagoma. Fundi ataongeza nguvu kwenye spana, ataridhika kwamba imebana, kumbe imekula uzi. Ikiwa tundu lenyewe limo katika alumini, kama yalivyo mengi ya gia boksi, hasara haihesabiki tena kwa bei ya bolti.

Pikapu ya familia yetu ilirudi kutoka gereji moja ikiwa imepanuliwa matundu ya flenji (bamba la kuungia) ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, ili bolti za milimita 10 ziingie, kwa sababu zile za inchi 3/8 zilikuwa zimepotea. Nati zililegea safarini, na kama propela ingeanguka tukiwa kwenye mteremko, nisingekuwa ninaandika barua hii kwa utulivu. Jambo hili limeniuma, kwa kuwa bolti sahihi zinapatikana kwa kuagiza na si ghali zikilinganishwa na flenji.

Mwenye gari aanze na kitabu cha spea cha gari lake. Humo kila sehemu imechorwa ikiwa imefunguliwa, na bolti nyingi zimeandikwa unene, aina ya uzi na urefu, hivyo hata asiyewahi kuliona gari likiwa zima anaweza kujua kilichopotea. Kisha anunue geji ya nyuzi, kifaa kidogo kinachomaliza ubishi wote. Bolti nyingi za mfumo wa digrii 60 zina alama ya viduara vilivyoungana ubavuni, au kishimo cha mviringo kichwani, na zile za milimita huandikwa namba kama 8.8. Nati iliyo sahihi huzunguka kwa vidole kabla ya kuhitaji spana.

Kwetu Tanga, na pwani yote, kuna jambo la ziada. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na alumini ikigusana na chuma penye hewa ya chumvi huliwa polepole. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinapendwa kwa kung'aa, lakini zikifungwa bila wosha ya plastiki au rangi ya kutenganisha huzidisha ulaji huo. Ni afadhali zilizopakwa zinki.

Navisihi vyuo vya VETA viwafundishe vijana kupima uzi kabla ya kushika spana, na kutia bolti za kila sehemu katika mfuko wake wenye maandishi siku ileile gari linapofunguliwa. Wauza spea wa Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam nao wangetusaidia sana kama wangeziweka bolti za inchi katika makasha yao wenyewe, zikiwa na alama ya uzi wake, badala ya kuziuza kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Msomaji wako,
Tanga