Barua ya wazi kwa mjomba anayeendesha lori Mississippi

Mjomba, shikamoo.

Kwenye grupu la familia ulisema kuwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wazungu wa Kusini wote walikuwa lao moja. Naomba nikupinge kwa adabu, maana barabara unayopita kutoka New Orleans kwenda Birmingham inakatiza Jones County, kaunti iliyo kusini mwa Mississippi.

Jones ilikuwa misitu ya misonobari na wakulima wadogo, wengi wao hawana mtumwa hata mmoja. Mwaka 1862 serikali ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga ikaanza kuwaingiza wanaume jeshini kwa lazima. Oktoba ikaja sheria nyingine: shamba lenye watumwa 20 lilimwokoa mzungu mmoja asiende vitani. Maskini akapigane, tajiri abaki na pamba yake! Na huku nyuma askari wanabeba farasi na mahindi ya wake wa hao maskini kwa jina la kodi.

Newton Knight, mkulima wa Jones, akatoroka jeshi, akarudi kwao. Vicksburg, ngome ya Kusini kwenye mto Mississippi, ilipoanguka Julai 1863, watoro wakaongezeka. Oktoba, Meja Amos McLemore aliyekuwa akiwasaka alipigwa risasi ndani ya nyumba ya Amos Deason, Ellisville. Nyumba hiyo ipo hadi leo. Siku chache baadaye watoro wakaunda kikosi, Knight akawa kapteni, na maficho yao yakawa vinamasi vya mto Leaf.

Waliitana kwa kupuliza pembe. Chakula waliletewa na wanawake, akiwemo Rachel, mtumwa wa ukoo huohuo wa Knight. Inasimuliwa kwamba wanawake hao walimwaga pilipili ya unga njiani, mbwa wa kusaka akinusa tu, kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mwaka 1864 Kanali Robert Lowry wa jeshi la Kusini akaja na mbwa na kamba, akawanyonga watoro kadhaa. Baadaye huyohuyo akawa gavana wa Mississippi.

Simfanyi Knight malaika, mjomba. Alikuwa na mke, na baada ya vita akazaa na Rachel pia. Lakini watoto hao hakuwaficha; aliishi nao mpaka akafa mwaka 1922.

Kaunti haikusahau. Mwaka 1948 kitukuu wake, Davis Knight, alishtakiwa palepale Ellisville kwa kuoa mwanamke mzungu, kwa kuwa alitoka kwa Rachel na sheria ya jimbo ilikataza ndoa ya mweusi na mzungu. Akahukumiwa miaka mitano, hadi mahakama kuu ya jimbo ilipoitengua hukumu hiyo mwaka uliofuata.

Sasa nijibu kwenye grupu, wote wasome.

Mpwa wako