Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Bahari, Kenya: Nyangumi wetu hawasikiani

Mheshimiwa Waziri,

Kusi linavuma, na nyangumi wa nundu wamerudi kwetu kutoka bahari ya barafu huko Kusini. Hapa Watamu tunawaona kuanzia Julai, na wengine huandamana na ndama wao. Wageni huja kuwatazama wakiruka. Mimi nakuandikia kuhusu sauti zao.

Mwaka juzi nilikuwa botini nje ya mwamba. Nahodha alizima mashine, tukateremsha maikrofoni ya majini. Dume alikuwa akiimba: mlio mzito wa kuvuta, kisha kilio chembamba, kisha anaurudia mpangilio uleule tangu mwanzo. Nyimbo za aina hiyo husafiri. Watafiti wamezifuatilia zikitoka mashariki mwa Australia hadi Polinesia ya Kifaransa, kundi moja likijifunza kutoka kwa jirani yake. Bahari inawasaidia, kwani majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani.

Tukiwa tunasikiliza ikapita meli ya mizigo. Kwa macho ilikuwa kidoa tu kwenye upeo, lakini kwenye spika ngurumo yake iliumeza wimbo wote.

Ninaowahofia zaidi ni ndama. Utafiti uliofanywa Ghuba ya Exmouth, Australia Magharibi, na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba ndama wa nundu humsemesha mama yake kwa mnong'ono, pengine ili nyangumi wauaji wasimsikie. Mnong'ono huo utapenyaje ngurumo ile? Mwaka 2024 watafiti wengine walieleza jinsi koo la nyangumi wa jamii hii linavyotoa sauti: sauti zao nyingi zimo katika masafa yaleyale (yaani uzito uleule wa mlio) ya kelele za meli, na maumbile ya koo hayawaruhusu kuzikwepa.

Kelele hizo hutoka hasa kwenye rafadha, yaani pangaboi linalosukuma meli, ambayo ikizunguka kwa kasi hutengeneza viputo vinavyopasuka mfululizo. Meli ikipunguza mwendo, kwa kawaida kelele hupungua. Safari za meli zilipopungua Ghuba ya Fundy, Kanada, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11, 2001, nchini Marekani, bahari ilitulia na homoni za msongo katika nyangumi wa pale zikashuka. Karibu na Vancouver, tangu 2017, meli huombwa zipite polepole msimu wa nyangumi.

Naomba mambo mawili, Mheshimiwa. Meli zinazoingia na kutoka bandari za Kilindini na Lamu ziombwe kupunguza mwendo kuanzia Julai hadi Oktoba. Pia, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilitoa miongozo ya kupunguza kelele za meli mwaka 2014 na kuirekebisha mwaka 2023, lakini hadi leo ni ya hiari. Kenya ni mwanachama. Wajumbe wetu wakienda London, yaliko makao makuu ya shirika hilo, wadai iwe sheria.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Watamu