Msimfunge Kocha ndani ya picha moja

Watoto wangu wa timu ya Katuba, ninyi mliobaki Lubumbashi na ninyi mliotawanyika hadi Likasi na Kolwezi,

Nawasalimu. Tangu kilio cha Kocha wetu kiishe mmekutana mara tatu chini ya mwembe, na mara zote tatu habari ilikuwa jezi. Jezi zenye uso wa Kocha, bango la mita nne, vyombo vya muziki, mashindano ya siku moja ya kumkumbuka. Mkaniomba mimi, mtunza sanduku, nitoe pesa. Nimekaa kimya wiki mbili, na nimesikia mnasema mzee amenuna. Sikununa. Maneno yangu siku hizi yanakuja polepole, ndiyo maana nayaandika.

Picha mliyoichagua naijua. Ameinua kombe, kofia imemwangukia jicho moja. Ilipigwa mchana mmoja, na kombe lile tulilipata kwa penalti, siku ambayo, tusidanganyane, wapinzani walicheza vizuri kuliko sisi. Mama yenu, mke wake, amelifanya la kuwekea vijiko. Kocha mwenyewe hakulitazama tena. Alikuwa uwanjani kila Jumanne na Alhamisi kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna hata mmoja wenu mwenye picha ya Jumanne.

Juni 1974 mimi na yeye tulikuwa vijana, tukisikiliza redio kwa jirani. Leopards, timu yetu ya taifa, walikuwa wametwaa Kombe la Afrika kule Misri miezi mitatu tu kabla. Sasa wako Kombe la Dunia kule Ujerumani, wakafungwa na Yugoslavia 9-0. Kisha ikaja mechi ya Brazil. Mpira wa adhabu umewekwa, na Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, akachomoka kwenye ukuta akaupiga mbali kabla Wabrazil hawajaugusa. Dunia ikacheka. Mpaka leo wanaonyesha sekunde zile na kusema hakujua sheria. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliijua vizuri na alifanya makusudi, lakini nani alimsikiliza? Kocha hakuvumilia mtu kuicheka picha ile mbele yake. Alikuwa anauliza: mtu ni bingwa wa Afrika, ninyi mnamkumbuka kwa teke moja?

Basi ninyi mnataka kumfanyia yeye vilevile, tofauti tu ni kwamba teke lenu ni la sifa.

Niwakumbushe Jumanne ilivyokuwa. Watoto arobaini, mipira mitatu, mmoja wao hauna upepo wa kutosha. Hakupanga mstari mrefu wa kusubiri zamu, maana mtoto anayesubiri hajifunzi kitu ila utundu. Aliwagawa vikundi vidogo, wanne nje wawili katikati, mpira usisimame na miguso isizidi miwili. Asiye na kikundi chenye mpira alifundishwa kutazama begani: Kocha anasimama nyuma yake, anainua vidole, mtoto ageuke haraka aseme ni vingapi. Mlidhani ni mchezo. Ndivyo mlivyojifunza kujua adui yuko wapi kabla mpira haujafika. Upokee kwa mguu wa mbali, uwe tayari umeshageuka. Ninyi mliofika timu kubwa mlisifiwa kwa hilo, na mliosifiwa mnajua mlilitoa wapi.

Radi ikinguruma, hata mechi iwe tamu namna gani, mpira mkononi, watoto chini ya paa. Aliyegongwa kichwa hakurudi kucheza siku ile, alie asilie. Wazazi walimwona mwoga.

Na lile daftari. Mlifikiri ni la mahudhurio tu. Pembeni ya majina kulikuwa na nukta ya kalamu nyekundu. Mwenye nukta ni yule aliyekuja hajala tangu asubuhi. Baada ya mazoezi angemtuma nyumbani kwake "akapeleke funguo", na kule Mama alikuwa ameshasonga bukari, ugali wetu, kuna mboga ya lengalenga, siku nzuri kuna ndagala. Funguo zilipelekwa sana nyumba ile. Mimi nilijua maana ya nukta mwaka wa tisa wa kukaa naye.

Lakini msimfanye malaika. Alikuwa na hasira. Aliwahi kumfukuza mtoto mmoja kwa kuchelewa, mbele ya wenzake, na maneno makali. Kesho akasikia mtoto alikuwa hospitali na mama yake. Akatembea kwa miguu mpaka kwao, akaomba msamaha mbele ya wadogo zake. Simulieni na hilo. Simulieni pia kwamba alikuwa mtu wa Lupopo, klabu ya watu wa reli na hasimu wa Mazembe, tangu tumboni, baba yake mtu wa reli, na nusu yenu Kunguru watupu, watu wa Mazembe. Desemba 2010 Mazembe walipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya dunia ya vilabu, klabu ya kwanza ya Afrika kufika pale, Alhamisi yake alisimamisha mazoezi watoto wote waruke kwa makalio vumbini kama Kidiaba, kipa wa Mazembe, anaposhangilia bao. Yeye hakuruka. Alisingizia kiuno. Inter ya Milano wakatufunga 3-0 Jumamosi kwenye fainali, na Jumanne mazoezi yalianza saa ileile.

Sasa pesa. Kuna deni la mipira kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Muuzaji ni mtu mzima, anaona haya kudai wafiwa. Hilo linalipwa kwanza, nimeshaamua, mnaweza kuninunia. Kitakachobaki ni cha kodi ya Mama ya miezi mitatu. Kikizidi, chapisheni jezi, sitazuia.

Wale wawili mnaogombea kiti chake, nawapenda wote. Ila tangu azikwe, watoto wa chini ya miaka kumi na miwili wamekuja uwanjani mara sita na kukaa juu ya mawe mpaka jua linashuka, huku ninyi mnajadili nani ataitwa Kocha. Na nasikia mnataka kufuta saa ya wasichana ya Jumamosi kwa sababu uwanja ni mmoja. Mwaka 2024 mabinti wa Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika, na Kocha alicheka peke yake wiki nzima. Saa ile haifutwi.

Daftari liko kwangu, na ufunguo wa stoo pia. Jumanne saa kumi nitakuwa langoni. Atakayefika wa kwanza aje na pampu, ile yetu imekufa.

Mzee wenu, kipa wa zamani mwenye kidole kilichopinda